Kunguni wa Upande Mmoja

Kalemie, 1978

Papa Bertille, uliye mbali Manono,

Sisi wazima, na ndagala ziwani ni nyingi. Mama yako alifika toka Mpala, eti kututafutia kunguni. Najua ulimtuma wewe, kwa sababu ya maneno ya majirani.

Lakini yule mama ni fundi! Alinusa godoro, akafunua mishono, akawaita majirani waone madoa ya damu kwenye shuka. Yote yalikuwa upande wangu. Upande wako hakuna hata doa moja.

Akawaambia, "Kunguni anafuata damu. Kitanda hii njo ya muntu moja. Mukamwana wangu, bibi ya mutoto yangu, analala peke yake."

Majirani wakatawanyika. Nilimkumbatia.

Jumatatu anapanda kamyo kuja Manono. Anataka kukagua na kitanda chako.

Mama Bertille