Maoni 312 Yanasubiri Idhini

Jumatatu, 2 Juni

Mfumo wa tovuti unataka kusasishwa tena. Wiki iliyopita tu niliusasisha. Kila nikiufungua nakuta alama nyekundu, kama mtoto anayelia bila kusema panapomuuma. Nimebofya "sasisha" na menyu yote imetoweka. Makala 280, miaka sita ya ugomvi, na msomaji hana pa kuingilia.

Nimempigia mdogo wangu, fundi aliyeniwekea tovuti. Nimemweleza kwa kirefu. Kanijibu: dada, nilitaka kujua umebonyeza nini, si hotuba. Atakuja kesho.

Nimechoka. Si mwili. Nimechoka kusema peke yangu. Kila makala namalizia kwa uchokozi ule ule: mwenye jibu ajibu hapa chini. Hajibu mtu. Zamani nilijisifu kwamba kimya chao ni kukiri. Siku hizi nadhani hawasomi tu.

Jumanne, 3 Juni

Kaja saa nne, kanywa chai, karudisha menyu kwa dakika kumi. Kisha akauliza kwa nini siwajibu wasomaji wangu. Wasomaji gani? Akanigeuzia kompyuta. Maoni 312 yanasubiri idhini.

Miaka sita! Siku ya kwanza kabisa, kwa kuogopa matangazo ya dawa za kuotesha nywele, nilimwambia aweke kufuli: maoni yasionekane mpaka niyapitishe mwenyewe. Na taarifa ziende kwenye barua pepe yangu ya shuleni. Kazi ya ualimu niliiacha mwaka ule ule. Nikasahau kufuli, nikasahau na barua pepe.

Mdogo wangu akasema: kwa hiyo, dada, uliwaita watu uwanjani, ukafunga geti, ukashangilia ushindi.

Nikamwambia anyamaze. Akasema ameshazoea, mimi ndiye niliyemlea.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma tangu asubuhi. Matangazo ya nywele, zaidi ya mia. Matusi pia, mengine yametungwa vizuri hata nimeyarudia. Mstaafu mmoja ananisahihisha hesabu za makala yangu ya bei ya maji kwa adabu kubwa, na amepatia.

Kisha mkutubi.

Mwaka juzi vitabu vya maktaba ya mji vilitupwa uani, mvua ikavinyeshea. Nililetewa picha: mkutubi kasimama katikati ya lundo, mikono imejaa vitabu. Nikaandika kwamba anatupa. "Mkutubi Anayezika Vitabu", hicho ndicho kichwa nilichokipa. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa hadi maktaba. Sikwenda. Nilikuwa na hasira nzuri, sikutaka mtu aniharibie.

Ameandika mara kumi na moja. Mara ya kwanza: Mwalimu, sikuwa nikitupa, nilikuwa nikiokota. Amri ilitoka kwa mkurugenzi, barua yake ninayo, njoo uione. Mara ya tano: nimesimamishwa kazi. Mara ya nane: naona Mwalimu hupendi kujibizana na watu wadogo. Hapo nilisimama, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mara ya mwisho ni siku tisa zilizopita. Rufaa yake ni Alhamisi tarehe tano, saa tatu, jengo la halmashauri. Makala yangu yameambatishwa kama ushahidi dhidi yake. Anaomba nirekebishe, hata sentensi moja.

Alhamisi ni kesho.

Nimefungua makala. Miaka yote nawahubiria waandishi wenzangu kwamba anayefuta alichoandika ni mwongo mara mbili. Basi sifuti, naongeza juu. Jaribio la kwanza: "Baadhi ya taarifa hazikuwa kamili." Kumbe naweza kuandika kama mkurugenzi. La pili lilimlaumu mpiga picha. La sita lilikuwa na methali mbili. Mfumo unahifadhi kila toleo, kwa hiyo woga wangu wote umepangwa pale kwa saa na dakika. La kumi na nne: "Nilikosea. Sikumuuliza. Alikuwa akiviokoa." Nimechapisha. Maoni yake yote kumi na moja nimeyapitisha. Nimemwandikia pia barua pepe. Kimya. Ana haki.

Mdogo wangu kwa simu: vizuri, dada, ila kamati ya rufaa wameshachapa makala yale ya zamani. Karatasi haisasishwi.

Najua. Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Saa tatu kasorobo. Ukumbi wa ghorofa ya pili, benchi mbele ya chumba namba saba. Nina nakala tano za marekebisho. Wino umefifia upande wa kushoto lakini "nilikosea" inasomeka. Karani wa mlangoni kasema shahidi asiye kwenye orodha haingii mpaka mkata rufaa mwenyewe amkubali.

Mkata rufaa amefika. Mfupi kuliko kwenye picha. Bahasha ya kaki, kona zimelainika kwa kushikwashikwa. Hanijui, kwenye tovuti nimeweka rafu ya vitabu badala ya sura yangu. Kakaa kando yangu. Kaniuliza kama nami nina shauri humo ndani. Nikasema ndiyo. Akasema pole, dada, hawa ukiingia bila karatasi wanakumeza mzima, halafu akasogea nipate pa kuwekea mkoba.

Karani ameita mtu mwingine kwanza. Tuko wawili tu kwenye benchi. Anautazama mkono wangu unavyokwenda.

Ananiuliza ninaandika nini.