Nafula, Sikukubali Uzikwe kwa Jina la Amina

Dada Nafula,

Leo bosi ametia saini. Nakuandikia nikiwa jikoni. Wiki ya saba hii umelala kwenye friji la hospitali hapa Jeddah, na kesho unasafiri. Lakini kabla hujaondoka nataka ujue saini hiyo imepatikanaje, maana kwenu Malava hakuna atakayelisema jambo hili.

Yote aliyaleta Mista Bradi. Unakumbuka alivyoingia siku ya kwanza, Mmarekani yule mwenye meno mengi, akampiga bosi mgongoni utadhani wametahiriwa pamoja? Alitoka Riyadh, ambako biashara yake ya sabuni ya maziwa ya ngamia ilikuwa imemfia, akawa anatafuta watu wenye jina kubwa na mifuko mitupu. Akawapata hapa mtaani Al-Rawdah. Jumba la vyumba kumi na vinne, kiyoyozi kinawashwa sebule ya wageni tu! Magari yameuzwa, lakini madam hatoki bila dhahabu. Wewe uliniambia, "Mwanaisha, hawa ni maskini kama sisi, ila wao wamevaa." Nilicheka hadi nikamwaga chai.

Basi akaanzisha biashara ya kuleta wageni wa makampuni wale chakula cha mchana na ukoo wa kale, halafu wauziwe manukato yenye jina la babu. Masanduku ya babu yalinunuliwa mtaa wa Ghulail kwa wauza vikuukuu, nasi tukayasugua kwa mafuta mpaka yakang'aa. Kisha akaona mvi zako. Wewe wa miaka arobaini na saba, uliyefika juzi tu, ukafanywa Mama Amina, yaya aliyezaliwa humu akamlea bosi. Na bosi anakuzidi umri! Wageni walikuwa wakifuta machozi.

Na mimi ndiye niliyekufunza. Mimi, Mwislamu wa Likoni, nilikufunza kuitikia salamu, kufunga ushungi, kusema inshallah mahali pake. Tuliufanya mchezo. Hilo linanila ndani, dada, linanila.

Siku ile kichwa kilikuuma tangu asubuhi. Ulipomwambia bosi akasema, "Baada ya wageni, yalla, haraka kazini." Ukamimina kahawa mpaka kikombe cha mwisho, ukaja jikoni, ukanipa birika, ukaanguka. Nilikuita. Nilikuita sana.

Wageni walikuwa bado sebuleni. Mista Bradi akawatangazia kwamba Mama Amina ametutoka, na bosi, kwa kuona haya kuumbuka mbele yao, akaitikia kuwa atazikwa kesho yake. Hospitalini akasema ulikuwa umesilimu. Shahidi ni nani? Mwanaisha. Wa kukuosha ni nani? Mwanaisha huyo huyo.

Kwetu kumwosha maiti ni heshima. Nimemwosha nyanya yangu, nimemwosha shangazi. Nilichota maji, nikakutazama usoni, nikashindwa. Ungekuwa umesilimu kweli ningekuosha kwa mikono miwili. Lakini wewe kila Jumapili ulikuwa ukijifungia stoo ukasali sala zenu, na mama yako akikuimbia kwenye simu nyimbo za kanisani. Nikaiweka kata chini. Nikamwambia mama wa hospitali aliyesimamia uoshaji, kwa Kiarabu changu cha jikoni: huyu ni Mkristo, ana mama yake anamngoja, na mimi sitoi ushahidi wa uongo juu ya maiti.

Bosi alinizaba kofi mbele za watu. Akazifungia karatasi zako kwenye droo. "Mafi saini. Halas." Hakuna saini, basi.

Nafula, sikujua kwamba mtu mmoja aliyeaibika anaweza kumzuia maiti. Nilipiga simu kila nilikoelekezwa, jibu ni lile lile: kafili, yaani bosi aliyekudhamini, atie saini. Nilimpigia madam magoti, akageuza uso. Mama yako alipiga kila siku, "Mwanangu anakuja lini?" Kaburi wameshalichimba, mvua ikalijaza, wakachimba tena. Kuna siku niliacha simu ikalia mpaka ikanyamaza. Nisamehe.

Juma lililopita Mista Bradi alirudi akicheka kama kawaida yake. Ana wageni wapya, hawajui kwamba Amina alikufa. "Tunahitaji mwingine tu!" akasema, akinitazama. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tano. Zuhura wangu alikuwa ameshaanza kuwahesabia wenzake shuleni siku za mama yake kurudi.

Nikawaambia, karatasi za Nafula kwanza.

Leo asubuhi bosi akasaini zako, nami nikasaini zangu, miaka miwili mingine. Mvi sina, Mista Bradi kaniletea rangi ya nywele ya kunifanya Mama Amina. Zuhura nimemwambia kazi imenoga. Hakulia, alikata simu.

Nenda, dada yangu. Nenda na jina ulilopewa na mama yako, wakulilie kwa sauti kama mnavyolia kwenu. Mimi nakuahidi hivi: nikitoka humu hai, kabla sijaiona Likoni nitafika Malava. Nitamwambia mama yako kwa kinywa changu kwamba aliyekufunza kuwa Amina ni mimi. Akinifukuza nitakaa barabarani, siku ngapi sijui, mpaka aniruhusu nifike kaburini kwako.

Mwanaisha wako