Kabati Yako Haitoki Mutuini

Baba Nyambura,

Ni mimi. Mkono ni wa Nyambura lakini maneno ni yangu, na nimemwambia aandike vile inatoka, asinitengenezee. Unajua mtoto wako na shule yake. Nimemwambia wewe ulinielewa miaka arobaini na nane na Kiswahili hii hii, na Kikuyu nikikasirika, na hukulalamika. Ulilalamika mambo ingine.

Tumekaa hapa nje kwa veranda, pale ulikuwa unaweka kiti yako asubuhi. Jua haifiki tena. Yule jirani wa chini amemaliza kujenga, ghorofa tatu, na wapangaji wake wanaanika blanketi ikiwa imekunjwa mara mbili. Ungeshinda hapa ukiangalia ukisema, hiyo itanuka, hiyo itanuka. Ng'ombe ilizaa ndume. Kanisani wamebadilisha viti, sasa mgongo inauma kabla ya mahubiri kuanza. Lakini hiyo sio kitu nilitaka kukuambia.

Kitu ni hii. Jumapili iliyopita Nyambura alikuja hapa na magunia tatu. Hakuketi. Akaenda moja kwa moja chumbani, akafungua kabati yako, akaanza kutoa suti. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema, "Mami, imefika miezi mitano. Kuna wazee kanisani hawana nguo. Halafu wewe unakuja kwetu mtaa wa Jamhuri ukae na sisi, chumba iko, geti iko, hutasumbuka tena." Andika, Nyambura, si ulisema? Andika.

Mimi nikakalia gunia. Nilikaa juu ya gunia moja pale chini, na miguu yangu unaijua, kushuka ni rahisi lakini kuinuka ni kazi ya watu wawili. Nikamwambia kabati ya baba yako haitoki hapa Mutuini, na mimi sitoki. 

Sasa, huyu mtoto hajui hiyo kabati ilitoka wapi. Nimemwambia leo, na nataka uwe unasikia ndio usiseme nimeongeza chumvi.

Wewe ulikuwa dobi wa nyumba moja kubwa kule Lavington, na mimi nilikuwa napitisha sukuma na kabichi kwa mageti na kiondo mgongoni. Ulikuwa unanunua kabichi kila siku. Mtu mmoja, kabichi kila siku. Askari wa geti ndio aliniambia, "Huyo kijana hapiki, anazipea sungura ya mzungu." Halafu ukaniambia twende taoni Jumamosi. Ukakuja na suti ya kijivu, ilikuwa inakukalia kama umezaliwa nayo. Mimi nikajiuliza dobi anatoa wapi suti kama hii, lakini nikanyamaza kwa sababu nilikuwa napenda vile watu wanatuangalia.

Tukazunguka, tukafika hapo karibu na soko. Gari ikasimama. Akatoka yule mzungu wako na bibi yake. Akakuangalia viatu mpaka kola.  Akasema jioni njema, pole pole, halafu akasema, "Hiyo suti naihitaji Jumatatu." Akaenda zake.

Ulitembea kutoka hapo mpaka Dagoretti ukishikilia hiyo suti isiguse vumbi. Mimi nilicheka kuanzia taoni mpaka nyumbani, nikachekea kwa kitanda ya mama yangu. Hukujua, lakini hiyo siku ndio nilikubali kuolewa na wewe. Mwanaume mwingine angenidanganya ati ni suti ya ndugu yake. Wewe ulifika kwa geti yetu ukasema, "Sitavaa tena nguo ya mtu." Basi. Ukakaa karibu mwaka mzima ukajinyima, ukanunua yako, ile ya kahawia, suruali bugaluu, pana huko chini, kola kama masikio ya ndovu. Halafu saspenda za kushika suruali. Halafu kofia. Ukaninunulia sketi ya kijani ya marinda na blausi ya kola kubwa. Na wakati watu waliacha hizo nguo, wewe hukuacha. Ulisema umehangaika sana kuzipata, hakuna mtu atakuambia zimezeeka.

Kwa hivyo, Nyambura, hizo sio nguo za marehemu. Hizo ni nguo za kwanza baba yako alivaa zikiwa zake.

Anaandika, lakini ameinamisha kichwa.

Jumamosi zetu nakumbuka zote kama moja. Wewe unatembea upande wa barabara, mimi upande wa duka. Unasimama kwa kila kioo ukijifanya unaangalia viatu, kumbe unaangalia tai. Mimi nilikuwa najua, sikusema. Tunakunywa chai kwa ile hoteli ndogo ya ngazini, keki moja tunakata, na wewe unanipea upande ya sukari halafu unaniibia. Halafu tunaenda kukaa kwa benchi kule bustani ya Jeevanjee tusikie wahubiri wakishindana. Miaka ya mwisho hao watoto wa taoni na simu zao, wanatuita babu na nyanya wakitaka picha, "Guka, hiyo suti ni noma! Shosho, simama hapo kidogo." Wewe unaweka mkono mfukoni, kidole gumba nje, kama mtu alizaliwa akipigwa picha. Tukirudi nyumbani unasema hao watoto hawana adabu, lakini Jumamosi ingine unanyoa ndevu mara mbili.

Na siku yako ya mwisho pia ilikuwa Jumamosi. Ulisema, "Mama Nyambura, ngoja nikae kidogo." Na tulikuwa tumekaa tayari.

Tuliacha hapo kidogo. Nyambura alienda kuniletea maji.

Sawa. Tulikuzika na ile ya kijivu ulinunua uzeeni, wewe mwenyewe ulichagua kijivu na ulijua kwa nini. Ile ya kahawia walikata na makasi hospitali. Sikuwauliza. Walikuwa wanatafuta moyo.

Baada ya hapo sikuenda mahali. Miezi mitatu nilikuwa nikiona Ijumaa imefika naenda kulala mapema kama kuku. Halafu kuna siku Mama Kioko, huyu jirani yetu Mkamba, rafiki yangu wa kikundi, alikuja akanikuta nimevaa sweta yako ya shamba na gambuti za kukanyaga matope, saa nane mchana. Akaniambia, "Mzee wako akikuona hivi atakataa kukufufukia." Huyo mama hana breki. Lakini alienda akaniacha nikifikiria. Nikasema, wiki hii naenda.

Ijumaa saa kumi nikatoa pasi yako ya makaa. Baba Nyambura, mimi sijawahi kushika hiyo pasi. Najua watu hawaamini. Wewe ulikataa, ulisema mkono yangu ni ya jembe, na mimi nikafurahia, ni mwanamke gani atapigania pasi? Nikajaza maji kwa mdomo vile ulikuwa unafanya, nikapuliza kwa sketi, mengine yakanirudia kwa shingo. Nikapiga. Marinda yakaenda kila mahali. Ingine inaangalia Ngong, ingine inaangalia taoni. Nikapiga tena, sasa laini ikawa mbili. Halafu simu ikalia, nikageuka, na pasi ikabaki imekaa. Nyuma, pale pa kukalia, ikaacha alama ya kahawia, kubwa kama kiganja.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Sikuwa nalilia sketi. Halafu nikasema, nikikaa haitaonekana, na nikitembea sitageuka. Asubuhi nikavaa hiyo hiyo, na blausi, na viatu vyangu vyeupe, nikaenda.

Sitakudanganya, ilikuwa vibaya. Nilitembea upande wangu wa duka na ule upande mwingine watu wakawa wananigonga bega, kwa sababu hapo ndio wewe ulikuwa. Yule mtu wa chai ngazini alinipea pole na akarudi jikoni. Keki niliacha.

Halafu nikapitia kwa yule msichana wa cherehani, ule anauzia vijana nguo za zamani kwa ile korido, ulikuwa unamwambia vifungo vyake ni vya uongo. Akanisalimia, akalia kidogo, alikuwa amesikia. Halafu akaangalia sketi, akashindwa kujizuia. Akaniuliza, "Shosho, nani alipiga hii pasi?"

Nikasema ni mimi.

"Ulipiga bandi kwanza?"

Nikamuuliza bandi ya nini. Akachukua sindano na uzi mweupe, akanionyesha. Unashika kila rinda, unaishona juu juu na uzi mrefu, kutoka kiunoni mpaka chini, ndio ikae. Ukimaliza yote ndio unapiga pasi. Kesho yake unavuta uzi, unatoka. Akasema sketi kama hiyo, kupiga bandi tu ni masaa mawili.

Baba Nyambura. Kila Ijumaa nilikuwa nakuona na sindano. Kila Ijumaa. Mimi nikiwa kwa ng'ombe, wewe umekaa hapa nje na sketi yangu magotini. Nilidhani unashona mahali imetoboka. Nilikuwa hata nakusimanga, nikisema hiyo sketi umeishona mpaka itakuwa gunia. Na ulikuwa unacheka tu. Na asubuhi nikiamka uzi hakuna, sketi iko kwa mlango imenyooka, na mimi navaa naenda kama malkia, najua ni pasi.

Masaa mawili. Kwa miaka hiyo yote. Ungeniambia hata mara moja, mtu mgumu wewe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekukasirikia, na hiyo hasira ndio ilinisimamisha. Siku hizi napiga bandi mimi mwenyewe. Macho haioni shimo ya sindano, Mama Kioko ananitungia uzi, sindano kumi mara moja, halafu ananiuliza, "Unajipanga kuolewa tena?" Namwambia nikiolewa yeye ndio atabeba keki. Nimeenda taoni Jumamosi sita. Ya sita marinda yalikuwa sawa. Sio kama yako. Sawa.

Sasa huyo Mama Kioko akaenda akamwambia Nyambura kanisani, kwa utani, ati mama yako amekuwa msichana, anashinda taoni. Utani yake hufika mbali kabla yeye ajifunge kitambaa. Na wamama wengine wakashika hiyo stori, ati mjane wa miezi mitano, sketi ya kijani, viatu vyeupe. Ndio magunia yakakuja.

Tuligombana hiyo Jumapili mimi na mtoto wako, mimi nikiwa bado chini. Nilimwambia maneno sitaki aandike. Halafu akakaa sakafuni karibu na mimi, na nguo yake nzuri ya kanisa, akasema, "Mami, siku ya Baba nilipigiwa simu na mtu simjui. Nilikuwa nachagua nyanya. Sitaki kupigiwa hiyo simu tena." Akasema kila Jumamosi tangu hiyo siku hawezi kuenda sokoni, anakaa na simu mkononi.

Hiyo sikuwa najua. Nilikuwa nafikiri anaona haya. Kumbe anaogopa, na mimi nilikuwa namjibu kama mtu anaona haya.

Kwa hivyo tulipanga hivi, na nakuambia ndio uwe shahidi. Nikifika taoni nampigia, nikitoka nampigia. Nina karatasi kwa mkoba, jina yake na namba. Magunia alienda na moja, na mimi ndio niliijaza. Sweta za shamba, koti ya mvua, zile suruali ulikuwa unasema ni adhabu, gambuti. Wazee wa kanisa watapata joto. Suti zimebaki, saspenda, kofia, na ile ya kahawia imekatwa. Hiyo nitaipeleka kwa yule msichana aishone, si ya kuvaliwa, lakini haiwezi kukaa kwa kabati yako na kidonda.

Jamhuri nitaenda Krismasi, nikae wiki, nirudi. Chumba yao ni nzuri. Lakini huko nitakuwa mama ya Nyambura kutoka asubuhi mpaka jioni. Hapa na taoni mimi bado ni bibi yako.

Nilifikiri nitakuambia nitakuja kwa kaburi kila wiki. Siwezi kukudanganya, wewe uko hapo nyuma ya ndizi, nakuona nikipeleka ng'ombe maji, hiyo inatosha. Kitu nakuahidi ni kwamba hakuna Jumamosi itapita nikiwa na gambuti. Mpaka miguu ikatae. Na ikikataa nitavaa, nikae hapa veranda, watu wa blanketi waone vile nguo hupigwa pasi.

Nyambura anauliza kama anaweza kuongeza neno lake hapa chini. Nimekataa. Hii ni ya mke. Yeye atafute karatasi yake, ana mambo yake na wewe, na sio mimi wa kusikiza.

Basi, Baba Nyambura, pumzika, ulifanya kazi. Mimi nimefika hapa peke yangu, na kesho nimepanga kufika mbele kidogo.

Ni mimi bibi yako.