Choo cha Waseme

Jumatatu, 2 Juni
Asubuhi choo mara tatu. Uji. Ute mwingi, damu kidogo. Amekula viazi vitamu na samaki, kamaliza. Hajatapika.
Siku ya nane ya chakula hiki. Daktari wa mifugo alisema niandike kila siku, nisiruke. Nikamwambia nimeishia darasa la nne. Akasema, "Mama Neema, choo hakihitaji kidato." Basi naandika. Majirani wamesikia, wananiita mama mavi. Wacheke. Mbwa huyu, Waseme, aliingia katikati ya fisi na mbuzi wangu, kovu analo shingoni. Wao hawakuwepo.

Jumanne, 3 Juni
Mara mbili. Kimeshikana kidogo. Nimefurahi kama mjinga.
Dawa ya minyoo alishapewa mara mbili, bado akaharisha. Miezi minne sasa. Daktari anadhani ni utumbo wenyewe umevimba, unakataa chakula alichozoea. Kuhakikisha kabisa ni kukata kinyama cha utumbo kikapimwe, na huku kwetu hakuna. Kwa hiyo tunaondoa kimoja kimoja. Ugali, hapana. Maziwa, hapana. Mifupa ya mbuzi, hapana. Samaki hajawahi kula maisha yake, ndio maana tumechagua samaki.
Baba Neema kaangalia sufuria. "Mbwa samaki, mwenye nyumba mlenda." Nikamwambia na yeye akiharisha miezi minne nitampa samaki.

Jumatano, 4 Juni
Nilikuwa gulioni, nimerudi jioni. Mara tano! Maji. Damu. Neema analia, anamfuta mbwa na majani. Nimemwosha mtoto mikono kwa sabuni mpaka akalalamika. Daktari alisema ugonjwa huu hauambukizi. Naogopa hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Juni
Baba Neema amesema wazi. Tukimaliza kupiga alizeti na Waseme bado anaharisha, anampeleka porini na rungu. Anasema ni huruma, mbwa amebaki mbavu.
Nimemjibu atapita juu yangu kwanza. Sijawahi kumjibu hivyo.
Nimempima Waseme kwa mizani ya alizeti, ndani ya gunia la salfeti, kichwa nje. Kilo kumi na mbili. Alikuwa kumi na nane.

Jumamosi, 7 Juni
Mara mbili. Jana pia mara mbili. Kimeshikana.
Nimerudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Kinaharibika Jumatano na Jumapili. Kila wiki. Jumatano gulio, Jumapili kanisa. Siku ambazo mimi sipo.
Kuna mtu anamlisha mbwa wangu. Nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Mungu anisamehe. Nimeaga, nikazunguka, nikajibanza nyuma ya banda la kuku na kitenge changu kizuri.
Hakuchelewa. Mama mkwe wangu! Kibuyu mkononi, anamimina maziwa kwenye kigae. "Kunywa baba, kunywa uitapike."
Nimetoka. Nimemwamkia kwanza, shikamoo ni shikamoo hata ukiwa na hasira. Halafu nikachukua kigae nikakimwaga mbele yake. Maziwa. Mbele ya mama mkwe.
Anasema Waseme kalishwa sumu na watu, na sumu dawa yake ni maziwa. Marehemu mume wake alikunywa dawa ya wadudu wa pamba kwa bahati mbaya, akapewa maziwa, akapona. "Wewe unampa samaki. Unataka afe?"
Kumbe ni maziwa yake mwenyewe ya chai. Siku hizo anakunywa chai ya rangi ili mbwa apate.
Nimelia. Lakini sikurudi nyuma. Nimemwambia mama, hakuna sumu, yanayomharisha ni hayo maziwa. Nipe siku kumi, nikikosea nipige. Akasema mimi mkaidi. Ndiyo, mama.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda gulioni, moyo juu juu. Nimerudi. Mara mbili, kigumu! Mama mkwe mwenyewe, Bibi yake Neema, kanipeleka kukiona. Ameweka jiwe pembeni nisikikose.

Jumanne, 17 Juni
Daktari amekuja. Kilo kumi na nne. Damu bado inatokea siku moja moja. Ametoa vidonge vya kutuliza uvimbe, nivipunguze kidogo kidogo kama alivyoandika, nisikatishe ghafla. Nimeuliza atapona lini. Akasema ugonjwa huu hauishi, unatulia na unarudi. Kazi yangu ni kupima, kuandika, na kumpigia simu mapema ukirudi.
Baba Neema akadakia, "Si nilisema? Haponi."
Nikamwambia hata presha yangu haiponi, mbona mimi hunipeleki porini? Daktari akainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa anacheka.

Ijumaa, 27 Juni
Alizeti imekwisha leo. Kilo kumi na tano na nusu. Damu hakuna siku sita. Nimemsomea Baba Neema daftari lote, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Aseme anavyotaka, kesho nitasimama mlangoni asipite na rungu.

Jumamosi, 28 Juni
Nimesimama mlangoni.
Baba Neema amefungua zizi. Hakuniangalia. Akapiga mluzi mara moja, Waseme akatoka mbele ya mbuzi, mkia juu. Wakateremka wote.
Nimekaa kidogo kibarazani na Bibi.
Choo cha leo sijakiona. Amekiacha huko machungani.