Viganja vya Manjano Nyuma ya Mlango wa Stoo

Uhindini,
S.L.P. 412,
Iringa.

14 Julai, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ravi,

Habari za huko Leicester? Mgongo umeacha kukusumbua? Huku tunasukuma siku. Baridi ya mwezi huu haitaki mtu avue sweta hata jikoni, na kikohozi kilinilaza, lakini uji wa ulezi umenisimamisha. Chokoleti zimefika. Nilijiuliza kwa nini safari hii umetuma nyingi hivyo, kisha nikazila.

Sasa la mtaani. Siku hizi kuna bwana mmoja, Aroni, anayewatembeza wageni kwa miguu. Anaanzia sokoni, anawapitisha msikitini, kwenye hekalu la Wahindu na maduka ya zamani, na kumalizia mbele ya nyumba yetu. Anawaeleza jinsi Mhindi, Mwarabu, Mgiriki na Mhehe walivyoishi mlango kwa mlango. Ni mpole mno, na wewe unanijua, mtu mpole mno namwangalia mara mbili.

Wiki iliyopita mgeni wake mmoja hakupiga picha hata moja. Alitazama bati, akagonga ukuta kwa kidole, kisha akapima upana wa nyumba kwa hatua. Mtalii gani anagonga ukuta? Hapa ndipo ninapolala, na cherehani yangu iko barazani. Nikitolewa sina pa kwenda, labda Igawa kwa binti wa mama mdogo, na yule tangu zamani hatupikiki chungu kimoja.

Basi Jumamosi nikaazima kitenge na miwani ya Paskalina, jirani yetu muuza mboga, nikajiunga na msafara kama mgeni kutoka Mbeya. Aroni hakunitambua, maana amezoea kuniona nimeinamia cherehani. Wenzangu wakitikisa kichwa, nami natikisa.

Tulipofika kwetu akasema, "Humu ndani, nyuma ya mlango wa stoo, kuna alama ya kiganja cha manjano. Mzee Jayantilal alimchovya mkono mwanawe wa pekee siku ya Diwali, akaugandamiza pale ili duka lipate baraka."

Ravi, stoo ile hajawahi kuingia mgeni. Na viganja ni viwili. Baba alichovya mkono wako, akachovya na wangu mimi niliyezaliwa na Mhehe, mbele ya mama yako Shobha, akasema nyumba ni ya hawa wawili. Tuliobaki tunaolijua hilo ni mimi na wewe tu.

Nikamwuliza Aroni habari hizo kazitoa wapi. Akajibu bila hiyana, "Mwenye nyumba mwenyewe, yuko Uingereza, alinipigia. Wanaotaka kununua wanakuja na wageni wangu ili mpangaji asishtuke."

Kumbe mimi ni mpangaji. Imeniuma, sikufichi. Sikujitambulisha kwake. Ningemwambia mimi ni nani, wakati ndugu yangu amekwisha kumwambia kwamba sipo?

Labda kuna mtu ameiga sauti yako. Natamani iwe hivyo, ila siamini. Nipigie wewe mwenyewe, nisikie kinywani mwako.

Nisalimie wifi yangu Bhavna. Paskalina anawasalimu. Mungu awalinde kwenye nyumba yenu. Na mwanao Karan, kama hujamwambia, mwambie ana shangazi Iringa.

Dada yako akupendaye bado,
Yusta Jayantilal