Mteja wa Nusu Kichwa

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa siku hizi mmoja hauwezi kupanda juu ya bega bila mwenzake kuusindikiza. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo? Na kile kikohozi chako cha baridi kimepona? Najua huwa husemi mpaka uulizwe mara mbili, kwa hiyo nauliza tena: kimepona?

Sisi huku ni wazima wa kiasi. Baba mzima na mkali. Wifi yako mzima, ila amechoka kunivuta kutoka kitandani. Mwanetu Kasuku anang'oka meno ya mbele na bado haachi kusema. Mimi ni mzima nusu, na hiyo nusu yenyewe inahamahama.

Barua yako niliipata. Umeandika kwa herufi kubwa, nikahisi unanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: kabidhi saluni kwa Sharubu, uje kwangu upumzike! Najua ni mapenzi. Wiki nzima nimekuwa nikilizunguka jibu lako. Leo nitakujibu, ila nivumilie, maana siwezi kukaa na jambo mahali pamoja. Mistari hii naiandika nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi.

Kwanza nikueleze ugonjwa, kwa sababu wifi yako alipokueleza kwenye simu alichanganya. Nina magonjwa mawili, na hayakuja pamoja. La kwanza ni lile la misuli, unalolijua, huu mwaka wa tatu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe imeigeukia misuli ya mapaja na mabega, inaivimbisha kwa ndani. Hilo haliniumizi sana, linaninyang'anya nguvu tu. Ndilo linalofanya nishindwe kuinuka kwenye kiti kifupi, na nishindwe kufikisha kitana utosini. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, ila hawakutuambia kwamba hata kujichana kutamshinda.

La pili ni jipya. Mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni umebanwa, na maumivu yanaanzia kwenye tako la kushoto, yanashuka nyuma ya paja hadi kidole kidogo cha mguu. Hili ndilo la moto. Nikikaa linawaka. Nikisimama sana, misuli inagoma. Nikilala linanifuata. Moja linaniambia pumzika, jingine linaniambia tembea, nami sijui nimsikilize nani.

Nilidhani ule ugonjwa wa misuli ndio umeshuka mguuni, nikataka kujiongezea vidonge. Daktari alinikaripia mpaka nikatamani kiti kinimeze. Alisema kila ugonjwa na dawa yake, na vidonge vya misuli si vya kuongeza wala kukatiza ghafla bila yeye kusema. Akaniambia pia, nikianza kufa ganzi katikati ya mapaja, au haja ndogo ikinishinda kuizuia, nisingoje kukuche, nikimbilie hospitali. Nikamwambia, daktari, kukimbia ndiko kulikonishinda. Hakucheka.

Nimehamia dirishani sasa, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Vidonge hivyo vimenivimbisha mashavu, Dada. Ungeniona ungesema nimekula uhondo wa nchi. Kila mtu barabarani ananipongeza: umenawiri, bwana, mambo yako safi! Nashindwa kuwaambia kwamba asubuhi ya leo nilivalishwa soksi na mke wangu. Nacheka nao, nasema tunamshukuru Mungu, napita nikichechemea. Nikifika kona nataka kulia, halafu nakuta kuna mtu mwingine wa kunipongeza.

Baba naye ana tiba yake. Unamjua, mtu aliyezeekea kwenye usukani wa lori. Kwake yeye mgongo ni kitu cha kunyooshwa na ubao. Alikwenda stoo akang'oa mlango, akauleta kuuweka chini ya godoro langu. Mlango mzima, Dada, na bawaba zake! Asubuhi sikuweza hata kugeuka. Wifi yako akanikunjua kidogo kidogo, huku Baba amesimama miguuni akiuliza kama nimepona. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alipousikia mlango huo alishika kichwa. Stoo sasa haina mlango, kuku wa jirani wanataga humo, na hakuna anayethubutu kumgusia Baba habari hizo.

Sasa nije kwenye saluni.

Tangu mabega yalipoanza kugoma nimebuni namna yangu ya kunyoa. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kile kiti kikubwa cha wateja, chenye kanyagio la kupandisha. Nikikipandisha hadi mwisho, sina haja ya kuinuka, nateleza tu najikuta nimesimama. Mteja namweka kwenye stuli mbele yangu, kichwa chake kinakuwa usawa wa kifua changu, na mikono yangu inafanya kazi bila kupanda. Siku ya kwanza aliingia mgeni mmoja, akaniona nimetulia kitini, akamwambia Sharubu aliyekuwa akinyoa kando yangu, "Mnyoe basi huyu bosi tumalize, nami nina haraka." Mimi ndiye niliyemnyoa. Alipojitazama kwenye kioo, aliniomba radhi.

Kwa hiyo misuli niliipatia dawa. Huu mguu ndio ulionishinda. Kabla sijamaliza kichwa kimoja moto unakuwa umeshashuka hadi kwenye goti, na lazima nitembee. Natoka mlangoni, nafika kwa fundi viatu, narudi. Mteja anabaki na nusu kichwa.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Nilimnyoa upande wa kulia, nikamwomba radhi, nikatoka kidogo. Nilipofika kwa fundi viatu mguu ukakataa kabisa. Nikaegemea ukuta, jasho linanitoka, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Mara namwona mwalimu anakuja katikati ya barabara, shuka la kunyolea limemning'inia shingoni, upande mmoja kipara, upande mmoja msitu, ananitafuta. Watu walicheka hadi wakashikana. Yeye hakunigombeza. Alisema tu, "Fundi, nina kikao."

Sharubu ndiye aliyemmalizia. Nimeona aibu maishani, Dada, lakini siyo kama ile.

Jioni yake Sharubu alinishika bega, taratibu, maana anajua yanavyouma nikichoka. Akasema, "Kaka, nipe funguo mimi. Wewe uwe unakuja kukaa tu, tupige soga." Alisema kwa wema, na wema wake ndio ulionichoma. Tumefanya kazi pamoja tangu sharubu zake zikiwa nyeusi. Hakutamani mali yangu. Aliona mtu amezidiwa, akataka kumpokea mzigo.

Nikamwambia sawa. Tukakubaliana iwe Jumamosi, yaani jana. Wifi yako akakueleza, nawe ukaandika zile herufi kubwa, nikaona basi, wote mmekubaliana, mbishi nimebaki mimi peke yangu.

Ngoja nikuambie kinachonitisha, kwa kuwa wewe hujawahi kunicheka kwa mambo ya kweli. Nyumbani mimi ni mgonjwa. Hospitali ni mgonjwa. Barabarani ni mtu aliyenawiri. Kwenye kile chumba chenye vioo viwili na harufu ya spiriti ndiko pekee ninakoitwa fundi, nami nikaitika. Nikitoa funguo, nitaitika jina gani? Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha, kuliko hata mguu.

Nimelala kifudifudi kidogo, nimeinuka tena. Tuendelee.

Kuna jambo sikuwa nimeligundua. Baba alikuwa amevaa kofia ya sufu tangu msimu wa baridi wa mwaka jana, na joto liliporudi hakuivua. Nilidhani ni uzee. Kumbe nywele zilikuwa zimemjaa! Unajua kichwa chake hakishikwi na mwingine. Sharubu aliwahi kujitolea, akajibiwa, "Wewe nyoa hizo sharubu zako kwanza." Na mimi hakuniomba, kwa kuwa aliniona ninavyohangaika. Alikaa chini ya kofia hiyo akitokwa jasho. Yeye, Dada, ambaye hawezi kufika getini bila kujichana!

Jana niliamka na funguo mfukoni mwa shati. Nilinyoa watoto wawili, nikatembea, nikarudi. Saa za mchana Baba akaingia, amevaa ile jaketi yake ya safari. Hakusalimia. Alivuta stuli mwenyewe, akakaa akanipa mgongo, akavua kofia. Nywele zake ni nyeupe zote sasa, zilikuwa zimelala kwa kubanwa.

Nikamwambia, "Baba, leo siko vizuri. Sharubu atakunyoa."

"Kwani nimekuja kwa Sharubu?"

Nikawasha mashine. Nilianza kisogoni, nikapanda upande wa kulia, nikalizunguka lile kovu la nyuma ya sikio alilolipata kwenye boneti ya lori, ambalo wewe ulikuwa ukiliogopa tukiwa wadogo. Kichwa chake kilikuwa na joto la kofia. Sikumbuki kama nilipumua. Nilikuwa nasema moyoni, mguu, leo tu, nihurumie leo tu.

Mguu haukunihurumia. Moto ulishuka wote kwa mkupuo hadi kwenye kidole, nikaondoa mashine kichwani mwake haraka nisimkate. Nikakaza meno nikitaka kuendelea. Baba hakugeuka.

"Ni mguu?"

"Ni mguu, Baba."

"Haya, twende."

Nilidhani tunakwenda nyumbani, na kwamba ndiyo mwisho wa habari. Sharubu akamwinua Baba kwa kumshika kiwiko, maana magoti yake nayo yana maneno yake. Kofia ilikuwa pale pale juu ya droo. Baba aliiona, akaiacha. Alitoka nje na shuka shingoni, upande mmoja mweupe wa nywele, upande mmoja ngozi tupu, akasimama barabarani akinisubiri nifike.

Tukatembea. Alikunja mikono nyuma kama anavyofanya siku zote, akapunguza mwendo hadi ukalingana na wangu. Kila tuliyekutana naye, Baba alianza kumsalimia, kwa sauti, kabla mtu hajapata nafasi ya kucheka. Tulipofika kwa fundi viatu, yule bwana aliacha sindano hewani.

"Mzee, kulikoni?"

"Tunanyoa," Baba akasema, akageuza.

Tulikwenda na kurudi hadi moto ukapungua. Tukaingia, akakaa, nikapanda kiti changu, nikamaliza upande wa kushoto. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema kipande cha karibu na sikio kimepanda mno, kama anavyosema kila mara, akachukua kofia yake, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Jioni Sharubu hakutaja funguo. Alichukua ufagio akafagia zile nywele nyeupe zote, akazizoa, nami nikafunga mlango kwa mkono wangu.

Kwa hiyo jibu langu, Dada, ni hapana, na naomba usiniandikie tena kwa herufi kubwa. Hapana ya leo. Ikija siku mikono nayo ikakataa, nitampa Sharubu funguo mbele yako, na nitakuja kwako niushindilie wali wako wote. Kabla ya hapo, tumekubaliana hivi: mwenye haraka atanyolewa na Sharubu, anayenitaka mimi ajue atanyolewa kwa nusu mbili, katikati yake kuna matembezi. Anayetaka kunisindikiza karibu. Yule mwalimu amekwisha kupata habari, amesema atakuja siku ambayo hana kikao.

Sijapona, usije ukafurahi bure. Usiku wa kuamkia leo nimegeuka hadi wifi yako akahamia kwa Kasuku. Kesho kutwa ninapimwa damu tena, na mtaalamu wa mazoezi ameniongezea zoezi la kuinua nyonga ambalo linanifanya nigune kama mzee. Naogopa bado. Ila jana nilinyoa kichwa cha Baba, kulia na kushoto, na hakuna aliyenimalizia.

Mpe shemeji salamu zangu, mwambie ile mashine yake ya kunyolea ndevu bado ninayo na sirudishi. Wapwa wakumbatie mmoja mmoja. Wifi yako anakusalimu, anasema simu ijayo ataeleza vizuri. Kasuku anataka ujue meno yaliyong'oka ameyaficha wapi, ila amesema ni siri. Baba anakusalimu pia. Alipita hapa sasa hivi kichwa wazi, akauliza mbona barua haiishi. Nikipata ujasiri nitamwomba mlango wa stoo urudi mahali pake.

Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, akupe usingizi mzito unaotosha wewe na mimi.

Mguu unaniita, nainuka.

Wako akupendaye, akiwa amekaa, amesimama au njiani,

Mdogo wako,
Fundi