Maji Yasiyorudi

Jumanne, 5 Aprili 1955
Mtungi mzima tangu asubuhi. Masika yanamwagika uani na mimi kiu haikatiki. Ndiyo hali tangu nilipoanguka na baiskeli barabara ya Mabawa nikagonga kichwa. Nakunywa, natoka. Mkojo mweupe kama maji ya kisima. Mke wangu kaniuliza, "Baba Zuhura, huko chooni umeoa?" Nimecheka. Sikupenda.

Jumamosi, 9 Aprili
Sheikh Hemedi katangaza msikitini: tarawehe mwaka huu nitasalisha mimi. Neno hilo nimelingoja tangu ujana. Nimehifadhi Kurani, na sauti ninayo. Kibofu tu kinanikatalia. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Aprili
Nimefunga sunna ya Shaabani, kujizoeza. Nilidhani mwili hufunzwa, kama punda. Adhuhuri ulimi mkavu, mkojo unakuja vilevile. Hilo ndilo lililonitisha: siingizi kitu, na maji yanatoka. Alasiri nikaanguka kazini, pale kwenye mizani ya katani. Wenzangu wakanimwagia maji usoni. Nikayanywa. Funga imeharibika mbele ya watu wote. Aibu.

Alhamisi, 14 Aprili
Hospitali. Sukari haimo kwenye mkojo. Daktari kaniweka chumbani bila maji, muuguzi kakaa mlangoni. Napimwa uzito, mkojo unapimwa, tena na tena. Uzito unashuka, mkojo hauna rangi. Bomba la kunawia mikono nililitazama kwa jicho la mwizi. Mwishowe moyo ukaenda mbio. Daktari akasimamisha kipimo, akanipa maji. Nikayanywa, sikumbuki kupumua.

Kisha kanieleza. Figo huchuja maji ya damu mchana na usiku, kwa siku karibu pipa zima. Maji hayo hupita kwenye vijia vyembamba kuliko unywele. Humo chumvi hurudishwa kwenye damu, na maji mengi huifuata. Yanayobaki hungoja amri kutoka kitezi kidogo chini ya ubongo. Amri ikija, nayo hurudi. Kwangu haiji, tangu nilipogonga kichwa. Chumvi inarudi, maji yale ya mwisho yanapita moja kwa moja.

"Ukifunga, damu itabaki na chumvi bila maji," alisema. "Utakufa." Alisema kama anayetaja saa. Dawa ipo, unga wa kunusa. Tanga haupo. Ataagiza, hajui utafika lini.

Ijumaa, 15 Aprili
Baada ya swala nimekwenda kwa Sheikh Hemedi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Funga huna, mwanangu. Utalisha masikini. Mungu hakutaka ujiue."

Nikamuuliza tarawehe. Naye akaniuliza:

"Imamu akitoka katikati, watu watamfuata nani?"

Atasalisha Bakari, mwenzangu wa madrasa. Bakari anaruka aya! Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Nivikasirikie vijia vya figo?

Jumamosi, 23 Aprili
Mtaa mzima unavunja jungu. Pilau, mbuzi, vicheko. Nimekula kidogo. Mwezi wa Ramadhani umeonekana. Tarawehe sikwenda. Nimemwambia mke wangu kichwa kinauma. Hakuamini.

Jumapili, 24 Aprili
Mchana nimekunywa ndani, mlango umefungwa. Mke wangu, na funga yake, ndiye aliyenijazia mtungi. Midomo yake mikavu.

Usiku nimekwenda msikitini. Nikasimama safu ya mwisho, karibu na mlango. Bakari akasoma vizuri, lazima niseme. Kisha akakwama. Akarudia, akakwama tena. Nikamtajia aya kutoka nyuma. Akaipokea, akaendelea. Nilifurahi.

Haikuchukua muda, ikabidi nitoke. Nilipogeuka, jirani yangu alisogea akaziba nafasi yangu, kama inavyotakiwa. Nimetia udhu, nimerudi. Safu imekamilika. Nikasimama mlangoni nikisikiliza, mpaka wakatoa salamu.